Bendeji inayojishika yenyewe kwa mguu wa mbwa: uzoefu wangu hapa Goma

Ukifuga mbwa Goma, chunga nyayo zake. Mtaani kwetu lava ya volkano ya Nyiragongo iliyolipuka mwaka 2002 bado iko wazi kati ya nyumba, ina makali kama chupa iliyopasuka, na hapo ndipo Simba wangu alipojikata wayo wa mguu wa mbele akimkimbiza paka. Kidonda hakikuwa kirefu, damu ilikoma nilipokibana kwa kitambaa safi, ila alichechemea na hakuacha kujilamba.

Daktari wa mifugo alisema hakuna haja ya kushona, akanielekeza kwenye bendeji hii ya kunyumbuka. Ni ghali kuliko ya kawaida, lakini inastahili bei yake, kwa sababu haigandi kwenye manyoya. Plasta hung'oa nywele kila ukiibandua, na mbwa akishaumizwa hivyo hakupi mguu tena. Hii Simba aliniachia niifungue akiwa amelala tu.

Jambo la kuangalia sana ni kukaza. Ukiizungusha huku umeivuta, itaendelea kubana hata ukishamaliza kufunga. Kunjua kipande kwanza, kiache kilegee, kisha zungusha juu ya gozi (kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda) na pamba, kuanzia vidoleni kwenda juu. Ncha za vidole viwili vya katikati zibaki zinaonekana. Vikivimba, vikipoa au vikiachana, fungua hapohapo.

Udhaifu wake ni maji. Ikilowa hukaa na unyevu, ngozi inalainika na kidonda kinachelewa kupona. Mvua za huku mnazijua, kwa hiyo Simba alikuwa akitoka amevalishwa mfuko wa plastiki mguuni, na akirudi ndani nauvua mara moja. Bendeji nilibadilisha kila siku, na kidonda nilikiosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita.

Kuhusu maumivu, tafadhali msimpe mbwa ibuprofeni wala parasetamoli ya nyumbani. Ibuprofeni humchubua tumbo na kumharibu figo. Simba alipewa meloksikamu, kipimo kikipangwa na daktari kwa uzito wake.

Mbwa asiyekanyaga kabisa, au kidonda kinachonuka, hicho si cha bendeji, mpeleke kwa daktari. Kwa mkato mdogo nitainunua tena, ya upana wa sentimita 5. Ile ya 10 ni pana mno kwa mguu wa mbwa wa kimo chake, inajikunja vidoleni.