Shule ya Msingi ya Serikali Mjini Kwetu: Tathmini ya Mzazi Baada ya Miaka Saba

Mwanangu amehitimu darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali ya mji mdogo tunamoishi, na kwa kuwa wazazi wanaohamia huku huniuliza iwapo wawapeleke watoto wao pale au wajibane walipie shule binafsi, naona ni vyema nieleze niliyoyashuhudia.

Kwanza ni wingi wa wanafunzi. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, uandikishaji wa darasa la kwanza hufurika hadi nje ya geti, na sijapata kuona mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa sare, jambo ambalo ninaliheshimu. Hata hivyo, kiwango cha wanafunzi 45 kwa chumba kimoja kimebaki kwenye makaratasi. Mwanangu alianza kwa kukaa sakafuni. Alipopata dawati, waliketi wanne mahali pa watatu, na wa pembeni aliandika nusu ya mwili ikiwa nje. Madaftari ya Hisabati yalisahihishwa mara moja kwa wiki, wala simlaumu mwalimu, kwani nilimkuta ofisini nyuma ya rundo lililomfika kidevuni. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo sehemu yake hukatwa kwa ajili ya vitabu, haiwezi kuziba pengo hilo.

Kuhusu ufaulu, nawasihi wazazi wasiishie kwenye wastani wa shule katika mtihani wa darasa la saba, unaotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania kati ya alama 300. Wastani huo ni wa watahiniwa peke yao; hausemi lolote juu ya walioanza nao darasa la kwanza. Katika rejesta ya darasa la mwanangu niliona majina yaliyopigwa mstari kwa wino mwekundu, mengine yameandikwa "amehama" na mengine "mtoro", na ya utoro yaliongezeka msimu wa mavuno. Darasa la saba walipewa masomo ya ziada hadi jioni, ilhali darasa la nne walikaa karibu muhula mzima bila mwalimu wa Kiingereza. Matokeo yalipanda, lakini ninajua yalipandishwa kwa gharama ya nani.

Pamoja na hayo, mdogo wake nimemwandikisha palepale darasa la awali, na kitu cha kwanza nilichoomba kuonyeshwa ni rejesta.