Skrini nyeusi ya hitilafu katika Windows 11: maandishi yameboreka, rangi imetupotezea alama

Microsoft ilipotangaza mwezi Juni 2025 kwamba skrini ya hitilafu ya Windows 11, ile inayotokea mfumo unaposimama ghafla, itaacha rangi ya buluu na kuwa nyeusi, wengi walilichukulia jambo hilo kuwa pambo tu, sawa na mtu kubadilisha picha ya mbele ya kompyuta yake. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na kwa kuwa mabadiliko hayo yameshafika kwenye mashine za wateja wangu kupitia masasisho ya toleo la 24H2, naona yanastahili kupimwa kama inavyopimwa bidhaa nyingine yoyote: yanamfaa nani, yanamtatiza nani, na mwenye mashine ameachiwa uhuru gani wa kuchagua.

Kwanza nieleze kinachoonekana. Uso wenye huzuni uliokuja na Windows 8 mwaka 2012 umeondolewa, na ule mraba wa vidoa (msimbo wa QR) wa kupigwa picha kwa simu, ulioongezwa katika Windows 10 mwaka 2016, nao haupo tena. Kilichobaki ni uwanja mweusi, sentensi moja katikati inayosema kwamba kifaa kimepata tatizo na ni lazima kiwashwe upya, asilimia inayopanda, na chini kabisa msimbo wa hitilafu pamoja na jina la faili iliyosababisha, pale mfumo unapoweza kuitambua.

Sikungoja mashine ya mteja igome ndipo niione. Nilichukua kompyuta ya majaribio isiyo na kazi ya mtu ndani yake, nikaendesha NotMyFault, programu ya bure ya mtaalamu wa Windows Mark Russinovich kutoka mkusanyiko wa zana za Microsoft uitwao Sysinternals, ambayo kazi yake ni kuiangusha Windows kwa makusudi. Ukichagua kosa la kwanza kwenye orodha yake na kubonyeza, kompyuta husimama papo hapo na skrini huonyesha DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, kisha jina myfault.sys. Msimbo ndio huo na mkosaji ndiye huyo. Hakuna cha kubahatisha. (Anayetaka kujaribu afunge na kuhifadhi kila kitu kwanza, kwa sababu programu hii haikuulizi mara mbili.)

Kwa upande wa maandishi, basi, nasifu bila kusita. Zamani jina la draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa kama kadi ya Wi-Fi) lilikuwa likijificha katikati ya maelezo ambayo mteja hayasomi, na ule mraba wa vidoa ulikupeleka kwenye ukurasa uleule wa msaada wa jumla hata kama tatizo lako lilikuwa la kumbukumbu, la diski au la kadi ya picha. Kuuondoa si hasara. Sasa mteja aliyewahi kupiga picha skrini kabla haijapotea na kunitumia kwa WhatsApp ananipa mistari miwili ninayoihitaji: nikiona MEMORY_MANAGEMENT najua nianze na vijiti vya RAM (kumbukumbu ya kompyuta), ambavyo kwa hewa yetu ya chumvi hushika kutu hafifu kwenye meno yake ya dhahabu, na mara nyingi raba ya kawaida ya shuleni inatosha kuyasugua yakarudi kung'aa. Nikiona jina la draiva ya Wi-Fi sigusi RAM hata kidogo. Hata usomaji wenyewe, ndani ya chumba chenye kivuli, umekuwa rahisi zaidi, kwa kuwa hakuna maandishi yanayojitokeza kuliko meupe juu ya meusi.

Lakini nimesema mteja aliyewahi. Microsoft inasema kwamba kwa watumiaji wengi skrini hii itakaa takriban sekunde mbili kabla ya kompyuta kujiwasha upya, kwa kuwa namna ya kukusanya kumbukumbu za hitilafu imeharakishwa. Kwa duka kuu lenye foleni kwenye kaunta, au kwa karani wa forodha anayekimbizana na hati za kontena lililokwama Kilindini, sekunde mbili ni neema. Kwa anayetaka kujua mashine inaugua nini, sekunde mbili hazitoshi hata kutoa simu mfukoni.

Sasa nije kwenye rangi, na hapo ndipo malalamiko yangu yalipo. Kwa miaka mingi mteja alikuwa akipiga simu na kusema, "Fundi, mashine imeingia buluu," na kwa maneno hayo machache nilikuwa nimeshajua kwamba skrini ni nzima, umeme unafika, taa ya nyuma ya kioo inawaka, na kwamba Windows yenyewe ndiyo iliyosimama. Buluu ile haikufanana na kitu kingine chochote ambacho kompyuta huonyesha. Nyeusi inafanana na kila kitu. Laptopu iliyolala ni nyeusi. Kioo kilichoharibika taa ya nyuma ni cheusi. Kebo ya skrini iliyokatika kwenye bawaba huleta weusi. Windows iliyoshindwa kupakia eneo la kazi (desktop) huacha weusi wenye mshale wa kipanya peke yake. Mazungumzo yangu na wateja siku hizi ni kama haya ya mama mmoja wa Kongowea mwenye saiba:

"Fundi, kompyuta ya tatu imekuwa nyeusi."

"Nyeusi ya kuzima, mama, au nyeusi yenye maandishi?"

"Iliandika kitu, kisha ikapotea. Sasa inawaka. Lakini itarudi tu."

Hapo hakuna fundi awezaye kusema neno la uhakika. Na liko kubwa kuliko hilo: skrini mpya inafanana mno na ile inayoonekana wakati Windows inajisasisha, kwa kuwa zote mbili ni nyeusi na zina asilimia inayopanda. Tumewafundisha watu kwa bidii kwamba wasizime kompyuta asilimia ikiwa bado inapanda. Atakayeiona hitilafu na kuidhani ni sasisho atangoja kwa utulivu na hatamwambia mtu kwamba mashine yake ina tatizo linalojirudia. Atakayeliona sasisho na kulidhani ni hitilafu ataishikilia swichi mpaka izime, na sasisho likikatwa katikati mfumo unaweza kukataa kuwaka kabisa. Yote mawili ni madhara ya kweli, na yote mawili yametokana na rangi.

Nitoe mfano wa mezani kwangu. Laptopu inapokuwa na taa ya nyuma iliyokufa, tunamulika kioo kwa tochi ya simu kwa mshazari na kutafuta kivuli cha maandishi. Eneo la kazi la kawaida lenye picha na aikoni huonekana kwa urahisi. Ile buluu ya zamani nayo ilionekana kidogo, kama ukungu uliotandaa kioo kizima. Kwa nyeusi hii mpya huoni ila nukta chache katikati na mstari mwembamba chini, na baraza ikiwa na jua la saa saba huoni hata hizo.

Wanaotetea weusi husema kwamba buluu haikuwa na maana maalumu tangu awali, na ni kweli ilianza kwa mazoea ya mtu mmoja. John Vert, aliyeiandika skrini hiyo kwa ajili ya Windows NT 3.1 iliyotoka mwaka 1993, alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya MIPS ambayo yenyewe iliandika meupe juu ya buluu, na programu yake ya kuandikia msimbo, SlickEdit, ilikuwa na rangi hizohizo. Hata hivyo, alama huwa alama kwa kuzoeleka. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta takriban milioni 8.5 duniani, abiria katika viwanja vya ndege walitazama juu wakaona buluu na kuelewa, bila kusoma hata herufi moja. Microsoft yenyewe iliwahi kuonja jambo hili: Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 skrini ilikuwa nyeusi, na kabla ya mwaka kwisha sasisho la Novemba likairudisha buluu.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba uhuru wa kuchagua rangi uliwahi kuwepo. Katika Windows 3.1, 95 na 98 ulifungua faili ya system.ini, ukaandika chini ya sehemu ya 386Enh mistari ya MessageBackColor na MessageTextColor, kila mmoja ukiupa tarakimu moja kati ya 0 na F, na hitilafu ikaja kwa rangi uliyoitaka. Microsoft inajua pia faida ya kutofautisha kwa rangi, kwa maana wanaojaribu matoleo ya Insider, yaani yale ya majaribio kabla ya kutolewa kwa wote, hupewa skrini ya kijani ili hitilafu za majaribio zisichanganywe na za kawaida. Huko kwenye mfumo wa Linux, skrini ya hitilafu iliyoingia katika kiini chake (kernel) toleo la 6.10 mwaka 2024 humruhusu anayekitayarisha kiini kuweka rangi ya usuli na ya maandishi apendavyo. Kwa Windows 11 hakuna mpangilio rasmi wa aina hiyo. NotMyFault iliongezewa uwezo wa kubadilisha rangi mwaka 2011, lakini ule ni wa maonyesho, hauwezi kutegemewa na ofisi yenye mashine ishirini.

Ningependa Microsoft irudishe mistari miwili ile ya system.ini kwa sura yoyote wanayoona inafaa, weusi ubaki kwa anayeupenda, na shule au ofisi ipewe nafasi ya kuchagua rangi ambayo watu wake wataitambua hata wakiwa upande wa pili wa chumba.

Kwa sasa, kila mashine ya Windows 11 inayopita mikononi mwangu naifanyia jambo moja kabla haijarudi kwa mwenyewe, na nashauri kila mwenye saiba au ofisi afanye hivyo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kichupo cha tatu, fungua mipangilio ya sehemu ya mwisho inayohusu kuwaka na kurejesha mfumo, kisha ondoa alama ya tiki kwenye kujiwasha upya kwenyewe (Automatically restart). Hitilafu ikitokea, skrini itakaa hapo mpaka mtu aizime, na yule mama wa Kongowea atapata muda wa kuita kijana wake, kupiga picha na kunitumia. Aliyekwisha kukosa picha asikate tamaa: atazame ndani ya folda ya Minidump iliyo katika folda ya Windows, na akikuta faili yenye tarehe ya siku hiyo aniletee kwenye flashi.