Mgahawa wa Kichina au pweza wa Feri, Mtwara?

Una wageni Mtwara mjini, uwapeleke wapi? Ule mgahawa wa Kichina una kiyoyozi, vitambaa vyeupe na bei za kushtua. Tuliagiza kuku wa korosho, tukasubiri mpaka soda zikaisha ubaridi. Akaja ameogelea kwenye mchuzi, korosho zimelainika kama maharage. Pishi hili linataka moto mkali, na korosho zitiwe mwishoni zibaki kavu. Tena Mtwara hii, kwenye korosho zenyewe! Mhudumu tulipomwambia, akaendelea na simu yake. Inauma.

Kule Feri, kwa wauza pweza wa pale kivukoni, unakalia benchi na moshi unakupata, ila pweza anakatwa unamwona, ndimu na pilipili juu, na muuzaji anakuuliza, "Nikuongeze, dada?" Mgahawa unaishinda Feri kwa choo safi tu. Wageni wangu nawapeleka Feri.