Nililipishwa kiingilio kumpeleka bundi hospitali

Nianze na kijana wa dirisha la tiketi, maana nikimwacha mwisho nitakuwa nimeshapoa, na sitaki kupoa.

Wengi mnaosifu kituo hiki cha wanyamapori waliojeruhiwa hapa Nakuru mlikwenda kutembea. Watoto walifurahi, mkaona kobe, mkala chipsi nje ya geti, mkarudi nyumbani. Sawa. Mimi sikwenda kutembea. Nilifika pale na katoni ya mafuta ya kupikia niliyoitoboa kwa msumari, ndani yake bundi aliyevunjika bawa. Kijana akainua kifuniko kwa kalamu, kwa kalamu jamani, si kwa mkono, kisha akaruka nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta. "Ai! Mama, hiyo kitu rudisha ulikoitoa."

Sasa niambieni. Juu ya kichwa chake kuna bango lenye picha ya chui, chatu na mamba, na maandishi makubwa kwamba hapa wanapokewa wanyamapori waliojeruhiwa. Chatu apokewe, fisi apokewe, bundi arudi alikotoka? Mtu amepewa kazi kwenye hospitali ya wanyama na anamwogopa mgonjwa.

Nina kinu cha posho huku Njoro. Bundi huyu nilimkuta darini nilipokinunua kinu, au pengine nilimkuta mamake, sijui, wote wana uso uleule mweupe wa umbo la moyo, kama mtu aliyeinamia beseni la unga. Mwanzoni mimi mwenyewe nilitaka atolewe. Nimelelewa nikiambiwa ndundu, ndiye huyu bundi, akilia juu ya paa, kuna mtu atazikwa. Lakini mwenye kinu ana hesabu nyingine, nayo ni panya. Mahindi ya watu yanalala kwangu, na gunia likitobolewa mlipaji ni mimi. Nilipomwacha akae, niliacha kununua sumu. Panya watatu, wanne kwa usiku mmoja, na akiwa na makinda ni zaidi. Asubuhi nilikuwa naokota chini ya boriti yale madonge meusi anayotapika, nayapasua mbele ya wateja: fuvu la panya hili hapa, meno haya hapa. Wengine bado walihamia kinu cha pili kule barabarani. Waende salama.

Basi juzijuzi, mavuno yakiwa yameisha, vijana wakampiga kwa manati. Siwalaumu sana hao watoto, wametumwa na watu wazima ninaowajua, na tunasalimiana kila siku. Nilimkuta chini karibu na injini, bawa moja linaburuta, anafoka. Huyu hasemi "hu-hu" kama bundi wa hadithi. Anafoka kama tairi linalotoka upepo, na usiku anapiga ukelele wa kukutoa kitandani.

Safari ya kutoka Njoro kuingia Nakuru si ndefu, lakini jaribu kuifanya na katoni inayofoka. Tulipofika katikati ya njia hivi, bibi mmoja wa kiti cha nyuma akasema "ndundu" kwa sauti ya chini, na gari zima likanyamaza. Makanga akagonga bodi. "Mathe, ni wewe ushuke ama ni sisi." Nikalipia viti viwili, changu na cha katoni, tukaendelea, na hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Cha ajabu ni kwamba hasira yangu haiko kwa hao. Abiria hawalipwi mshahara wa kupenda bundi.

Turudi dirishani. Nilimwambia kijana kwamba mimi si mgeni, nimeleta mgonjwa. Akanijibu hivi, na nimeyashika maneno yake kama yalivyo: "Mgonjwa aingie bure. Lakini wewe uko na miguu." Nyuma yangu kulikuwa na basi la shule limeteremsha watoto, wakacheka. Nikatoa noti. Hawapokei kesh. Nikatoa simu, mtandao wa M-Pesa ukawa umelala. Nilisimama juani na yule ndege kwa muda ambao sikuupima, ila kivuli cha mlingoti kilikuwa mguuni pangu na kikasogea mpaka ukutani. Pesa ilipopita, ya kutosha gorogoro kadhaa za mahindi, akavuta daftari akaandika jina langu na namba yangu ya simu akiwa ameegemea nyuma kabisa, mkono umenyooka, macho kwenye katoni. Mshikeni hapo hapo na daftari lake. Nitarudi kwake.

Kama ningeandika maoni haya siku ile kabla ya kuvuka geti, ningewaambia msikanyage. Tatizo ni kwamba nilivuka.

Ndani nilikutana na mzee mmoja wa gambuti, anasukuma wilbaro la majani. Alikuwa bado mbali aliposikia ule mfoko. "Huyo ni wa uso mweupe," akasema, hata hajaniona vizuri. Akachukua katoni, akavua koti lake akaifunika, watoto wa shule wakaja mbio akawainulia kidole kimoja tu wakarudi. Njiani akaniuliza nimempa nini. Nikasema maziwa, kwa kijiko, na ugali kidogo. Alisimama. "Mama, huyu tangu azaliwe hajaonja maziwa. Na ukimmiminia kitu mdomoni kinashuka mapafuni. Siku nyingine ni giza, joto na kimya. Basi." Hakunigombeza. Nilikuwa nimekesha na kile kijiko nikijiona daktari.

Mezani alimfunika kichwa kwa kitambaa, na yule ndege aliyetisha matatu nzima akatulia kama gunia. Mzee akapapasa bawa polepole kwa vidole viwili. Kumbe bawa lina kigasha kama mkono wetu, mifupa miwili sambamba. Mmoja ulikuwa umevunjika, wa pili mzima, na ule mzima ndio gango la ule uliovunjika. Ingekuwa yote miwili, au jeraha lingekuwa kwenye kiungo, habari ingekuwa nyingine. Mganga wao wa mifugo akaja baadaye akathibitisha hivyohivyo, wakalifunga bawa kwenye kiwiliwili kwa bendeji laini. Wiki tatu hivi, wakasema, mifupa ya ndege haichelewi kuunga.

Nilipaswa kuondoka, lakini nilikuwa nimekata tiketi, na tiketi yangu niliamua kuimaliza mpaka senti ya mwisho. Nikamfuata mzee jioni yote.

Niseme ukweli, yale ni maisha ya kufua na kukatakata. Hakuna sinema. Wanaosha sakafu, wanachemsha vyombo, wanapima chakula kwenye mizani kama yangu ya kinu. Kuna friza imejaa vifaranga wa siku moja, madume ambao wanaototolesha kuku wa mayai hawana kazi nao. Ndege wanaokula nyama wanapewa kifaranga kizima, na unyoya na mfupa, kwa sababu akila nyama tupu mifupa yake inalegea na donge halitoki. Kila asubuhi mzee anapita kukagua madonge. Bundi asiyetapika donge ana jambo. Mimi nilidhani ni mimi peke yangu hapa duniani ninayepasua uchafu wa bundi!

Kuna mwewe aliyeungua kwenye waya za transfoma, hataruka tena. Kuna kobe mwenye tundu kwenye gamba, mtu alilitoboa apitishe kamba amfunge kama mbuzi. Kuna tumbili ana alama kiunoni kama mshipi, amefungwa kamba tangu mdogo, na akiona mtu ananyoosha mkono wa chapati. Huyo aliletwa na mwenyewe, alipoota meno makubwa na kuanza kuuma watu, ndipo mwenyewe akaikumbuka sheria ya 2013 inayokataza kufuga mnyamapori bila kibali. Na kuna kitoto cha digidigi kinachonyonya chupa iliyofungwa ukutani, mnyonyeshaji amejificha nyuma ya turubai, haongei, ili kisije kikamwita binadamu mama. Nje watoto wa shule wanapiga kelele kwa tumbili. Hilo sikulipenda. Hospitali gani ina basi la wageni wodini? Nilimwuliza mzee, akaniambia tiketi za hao watoto ndizo vifaranga vya kesho. Nikakosa la kusema, ingawa bado silipendi.

Kabla sijaondoka aliniambia jambo lililonifanya nimpende kabisa. Bundi aliyekomaa hatupwi popote, alisema, anarudishwa alikookotwa, maana huko anajua mashimo yake na njia zake. Akipona wangenipigia, waje naye jioni mpaka kinuni. Nikarudi nyumbani kwa matatu nikiwa nimekaa kiti kimoja. Moyoni nilikuwa nimeshawapa alama zote. Hata kijana wa dirishani nilimsamehe, karibu.

Hawakupiga.

Wiki tatu zikapita, zikawa nne, zikawa sijui ngapi. Namba yao ukipiga inalia mpaka inachoka. Panya wakajua. Panya wana habari haraka kuliko redio. Ikabidi nifunge safari tena, na dirishani nani yupo? Yuleyule. Akanitazama mikononi kwanza. Nikakata tiketi tena, ndiyo, nimelipa mara mbili kwa bundi mmoja, nikaenda moja kwa moja kwa mzee.

Mzee aliponiona alishika kichwa. "Mama Njoro! Umekuwa wapi?"

Nimekuwa wapi!

Tukafungua daftari. Namba yangu ina tatu. Kijana, kwa ule mkono wake wa kukwepa mkosi, aliandika nane. Hiyo namba ni ya mwanamume wa Kitale. Mzee alimpigia kwa furaha: bundi wako amepona, jioni tunamleta nyumbani kwako. Upande wa pili kimya, kisha akaulizwa ametumwa na nani. Mara ya pili simu ikakatwa. Mara ya tatu ilipokewa na mchungaji, na mzee akaombewa palepale kwenye simu, akaamriwa atoke kama pepo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka nimekuja kufanya nini, kicheko kikaisha.

Walikuwa wamemfungulia. Si Njoro, maana daftari lilisema "Njoro" tu na Njoro ni kubwa. Walimpeleka kwenye ghala la ngano upande wa Rongai, hukuhuku Nakuru, ambako mwenye shamba aliwaomba. Si wangesubiri zaidi? Nilimwuliza hivyo kwa ukali ambao mzee hakustahili. Akanipeleka kwenye banda refu la mazoezi, akanionyesha manyoya yaliyokatika kwenye waya. Alishapona, alikuwa anajigonga usiku kucha, na manyoya yakiharibika ndipo anapoanza kusikika. Hivyo ndivyo wanavyompima, akasema: wanazima taa, wanasimama katikati ya banda, wanamwacha apite juu ya vichwa vyao. Wakisikia mabawa, bado. Siku ile hawakusikia chochote, waliona tu giza limepita mbele ya dirisha.

Mimi nimeishi naye miaka na sijawahi kuwaza kwamba nilikuwa simsikii.

Basi niwape alama gani? Kwa mzee, zote. Hapo sina mjadala, na kama kuna mtu ana uwezo wa kumwongezea mshahara amwongezee leo. Kwa kituo kizima nilikuwa nimeandika tatu, nikakumbuka simu isiyopokewa, nikapunguza, nikakikumbuka kile kitoto cha digidigi, nikarudisha. Kwa kijana wa dirishani sina alama. Wala sitaki afukuzwe, msije mkanielewa vibaya, kazi ni ngumu Nakuru hii hata baada ya kuitwa jiji 2021. Nataka ahamishiwe kwenye banda la bundi. Asafishe madonge mwezi mmoja. Mji mzima unaomboleza heroe, wale ndege wa waridi wa Ziwa Nakuru, kwamba maji yalipojaa walikimbilia Ziwa Bogoria, na bundi anayetulindia mahindi anapigwa mawe, na hata hospitali inamwinua kwa kalamu.

Ukiwa na mgonjwa, usiende dirishani. Zunguka ukuta mpaka geti la nyuma linakoingilia gari la vifaranga, asubuhi mapema, uulize mzee wa gambuti. Hapo hakuna tiketi. Namba yako ya simu iandike mwenyewe.

Mimi nimenunua paka. Kinu kikiwashwa anakimbilia kwa jirani.