TAHADHARI: Fidia ya mikopo ya magari Uingereza. Usilipe mtu, usitie sahihi kwenye linki

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, naomba msome hadi mwisho, kisha mmpelekee yeyote mnayemjua aliyewahi kuchukua gari kwa mkopo wa HP au PCP (unalipa kila mwezi, na mwishoni gari huwa lako au unaweza kulinunua).

Kuna mtu anazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Anaongea Kiswahili safi na anajitambulisha kuwa wakala wa fidia za magari. Anaanza na salamu ndefu, anauliza nyumbani ni wapi, wazee hawajambo, halafu anatuma linki. Fomu yenyewe ni fupi mno: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya gari, na kisanduku cheupe unachochora sahihi yako kwa kidole.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi ya kea (kutunza wazee na wagonjwa) aliijaza wakati wa mapumziko, chai ikiwa mkononi. Haikupita muda akapigiwa simu: hongera, fidia yako imepita, ni pauni elfu mbili na ushee, ila utangulize pauni 90 za kufungua faili. Akalipa. Wakapiga tena, safari hii wanataka namba za kadi pamoja na ile namba ya siri ambayo benki hutuma kwenye simu. Hapo akashtuka. Pauni 90 zimekwenda, na simu ile haipokelewi tena. Huyu ni mama anayepiga shifti za usiku ili atume ada za shule nyumbani. Imeniuma sana.

Kinachowanasa watu ni kwamba fidia yenyewe ipo kweli. Kwa miaka mingi wauzaji wa magari walikuwa wakikutafutia mkopo huku wakilipwa kamisheni na kampuni inayokopesha. Katika mikataba mingi muuzaji aliruhusiwa kupanga riba mwenyewe: kadiri alivyokupandishia, ndivyo kamisheni yake ilivyonona, na wewe hukuambiwa lolote. FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, ilipiga marufuku utaratibu huo tarehe 28 Januari 2021. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu iliyakataa madai mengi yaliyofikishwa mbele yake, lakini ilimpa haki mteja mmoja ambaye kamisheni iliyofichwa ilikuwa 55% ya gharama yote ya mkopo wake. Oktoba mwaka huo FCA ikatoa mapendekezo ya mpango wa fidia kwa mikataba ya kuanzia 6 Aprili 2007 hadi 1 Novemba 2024, ikakadiria wastani wa kama pauni 700 kwa mkataba. Huo ni wastani tu, si ahadi kwa kila mtu. Kwa hiyo anayekutajia elfu mbili kabla hajauona mkataba wako, anakudanganya. Na gari ulilokodi tu, bila njia ya kulimiliki mwishoni, halimo.

Sasa nije kwa kundi la pili, ambalo kwangu linasikitisha hata zaidi kwa sababu lina leseni. Ni kampuni za kusimamia madai na baadhi ya ofisi za mawakili. Hawa hawatakuomba hela ya kutanguliza. Wanakuambia "usiposhinda hulipi", unatia sahihi, na sahihi hiyo ndiyo idhini ya kukuwakilisha. Fidia ikitoka, wanakata chao. Kwa madai madogo wanaruhusiwa kukata hadi 30%, na VAT huongezwa juu yake. Piga hesabu: kwenye pauni 700 ni 210, weka VAT 42, jumla 252. Unabaki na 448. Kazi waliyofanya ni kuandika barua ambayo ungeiandika mwenyewe bure. Na ukijaza fomu za kampuni mbili tofauti, kila moja inaweza kukudai ada yake.

FCA yenyewe inasema wazi kwamba huhitaji kampuni wala wakili. Unaandika kwa kampuni iliyokukopesha, si kwa muuzaji wa gari, unaeleza kuwa unalalamikia kamisheni ambayo hukuambiwa, unataja jina lako, anwani uliyokuwa ukiishi wakati ule na namba ya mkataba kama unayo. Kama huna, usihangaike, waombe wakutafutie kwa jina na anwani. Umesahau ni kampuni gani? Pekua taarifa za benki za miaka ile uone makato ya kila mwezi yalikwenda kwa nani, au angalia ripoti yako ya mikopo. Tovuti ya MoneySavingExpert inakusaidia kuandaa barua, bure. Usiporidhika na jibu la mwisho la kampuni, unapeleka malalamiko kwa Financial Ombudsman, chombo huru kinachoamua malalamiko ya huduma za fedha, nako hulipi hata senti. Kiingereza kikikusumbua, mwombe kijana wako akusomee, au nenda Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri bure.

Kama umeshatia sahihi kwa kampuni yenye leseni, una siku 14 za kujitoa bila kulipa. Waandikie kwa barua pepe ili ubaki na ushahidi. Siku zikipita bado unaweza kujitoa, ila wanaweza kukudai gharama za kazi waliyokwisha kufanya. Jina la kampuni lihakiki kwenye rejista ya FCA, au wapigie 0800 111 6768. Mawakili wa England na Wales wana rejista yao, ya SRA, mamlaka inayowasimamia.

Kama umetoa hela au namba za kadi kwa tapeli, piga benki yako sasa hivi kupitia 159. Usingoje asubuhi. Meseji ya kitapeli isambaze kwenda 7726, ni bure. Aliyeko Scotland apige polisi kwa 101.

Huyo mtu tumeshamtoa kwenye kundi letu, lakini anabadilisha namba na picha. Akitokea kwenye kundi lako na linki yake, piga picha ya skrini kabla hajaifuta, kisha mwambie admini amwondoe.