Maua ya mapenzi City Market: chagua shina mwenyewe, andika kadi mwenyewe

Ukitafuta waridi la mpenzi, mama au rafiki katikati ya Nairobi, anzia vibanda vya maua vya City Market, pale barabara ya Muindi Mbingu. Mashamba ya maua ya Naivasha na Thika si mbali, na waridi huweza kufika mjini likiwa bado tumba. Raha ya vibanda hivi ni ndoo: unainama, unashika, unachagua shina moja moja. Ukipewa shada lililofungwa tayari, hapa au kwingine mjini, omba lifunguliwe kwanza.

Mashamba hupanga waridi kwa urefu wa shina, kwa hatua za sentimita 10. La 40 linatosha chombo cha mezani. La 60 kwenda juu ndilo la kushika mkononi, na mara nyingi kichwa chake ni kikubwa zaidi. Kwa vidole viwili, minya ua taratibu pale linapoungana na kikonyo. Likiwa gumu, ni bichi. Likibonyea kama sifongo, limekaa sana. Petali za nje zenye ukijani au michubuko hazina neno, kwani huachwa makusudi zilinde za ndani, na utazibandua saa ya kutoa zawadi. La kuogopa ni ua lililochambuliwa hadi likabaki jembamba. Hapo umri unafichwa. Tazama pia vitone vya kahawia kwenye petali: huo ni ukungu, na hupenda maua yaliyonyunyiziwa maji kisha yakafungiwa ndani ya plastiki inayong'aa. Omba karatasi.

Waridi la buluu halioti shambani. Limenyweshwa rangi, na rangi hiyo hurudi kwenye maji ya chombo, hata kwenye kitambaa cheupe cha meza.

Shada la kupangwa kwenye sponji ya kijani lina mtego wake. Sponji huwekwa juu ya maji ikazama yenyewe. Ikisukumwa kwa mkono, katikati hubaki hewa, na shina linalochomekwa hapo halinywi. Na shina likishachomolewa, lichomekwe tundu jipya.

Nyumbani, kata sentimita 2 au 3 za chini kwa mshazari, kwa kisu kikali, kwa sababu mkasi butu huponda mirija. Toa majani yote yatakayozama, maana yakioza bakteria huziba shina. Katika lita 1 ya maji tia kijiko kimoja cha mezani cha sukari na viwili vya maji ya limau, koroga, kisha robo kijiko cha chai cha Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Limau na Jik visikutane kabla ya maji. Badilisha kila siku mbili, ukikata shina upya. Kichwa kikiinama ilhali ua ni bichi, hewa au uchafu umeziba njia: kata tena shina likiwa ndani ya maji, lifunge wima kwa gazeti, liache kwenye maji ya vuguvugu saa moja au mbili. Mara nyingi huinuka. Liweke mbali na ndizi mbivu, gesi yake huzeesha maua.

Sasa kadi, ambayo wengi huichukua bila kuitazama. Zilizochapishwa nyingi husema "I love you" kwa herufi nyekundu. Kwa mpenzi ni sawa, kwa mama pia. Kwa mfanyakazi mwenzako anayehamia ofisi nyingine, hapana. Kiingereza kina ngazi zake: "I love you" ni tamko, "Love you" ni ya kuagana, hata mwishoni mwa simu, "Love" peke yake juu ya jina lako hufunga barua kwa shangazi au rafiki, bila mahaba yoyote. Kaskazini mwa Uingereza hata muuza duka humwita mteja "love". Lakini ikikaa juu ya waridi jekundu, wengi hapa Nairobi wataisoma kwa maana moja tu.

Kwa hivyo nunua kadi tupu. Kwa mke au mume, "mpenzi wangu" na waridi jekundu. Kwa mama, ndugu na rafiki, "kwa upendo", na rangi ya pinki au nyeupe yafaa. Kwa ofisi, "kwa shukrani", na maua ya njano au machungwa. Tumia biro ya kawaida. Wino wa jeli huchuruzika kadi ikiguswa na jani lenye maji.

Kuelekea 14 Februari bei hupanda na machaguo hupungua. Nunua tarehe 12, maua bado yakiwa tumba, uyatunze kama ilivyoelezwa juu. Ukituma kwa bodaboda, zungushia miisho ya mashina pamba iliyolowa, vichwa uvifunike kwa karatasi, na shada lisafiri ndani ya boksi, kwa sababu upepo wa njiani huyakausha haraka.