Miaka mitatu na Blu-ray: uzoefu wangu wa kutunza video za harusi

Napiga video za harusi hapa Tanga. Zamani kila kazi niliichoma kwenye DVD mbili, moja ya mteja, nyingine ya kabati langu. Siku moja akaja mama kuomba nakala ya ndoa ya bintiye, kwa kuwa humo marehemu mumewe anasikika akimpa binti nasaha. DVD yao ilishakwaruzika. Yangu haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, lakini ilipofika dakika ya kumi na mbili ikaganda. Nilijaribu deki tatu na kompyuta mbili, nikashindwa. Mpaka leo linaniuma.

Ndipo nikanunua kifaa cha kuchomea Blu-ray, kile cha kuunganisha kwa USB. Diski ya Blu-ray ina upana ule ule wa DVD, sentimita 12, ila DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7, hii hubeba 25, na ya tabaka mbili 50. Siri iko kwenye leza. Ya DVD ni nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650. Hii ni ya urujuani, yenye wimbi fupi zaidi, nanomita 405, kwa hiyo inasoma alama ndogo zaidi na mistari iliyobanana zaidi. Mshona kofia akishika sindano nyembamba, nakshi nyingi huenea kwenye kofia ile ile.

Picha nayo! DVD ilinilazimisha kuishusha hadi pikseli 720 kwa 576. Sasa inabaki 1920 kwa 1080 kama nilivyoipiga, na ua la hina kwenye kiganja cha bibi harusi unalihesabu petali.

Jambo ambalo wauzaji hawakuniambia: soma boksi kabla ya kulipa. BD-R (diski za Blu-ray za kuchoma mara moja tu) zilizoandikwa LTH hutunza data kwa rangi ya kikaboni, kama DVD za kuchoma, na rangi hiyo huchakaa kwa joto na mwanga. Kwa jua na unyevu wetu wa pwani sizigusi. Nachukua zile za kawaida, ambazo tabaka lake si la rangi hiyo. Tena BD-R ikishaandikwa haifutiki, hata kirusi kikiingia kwenye kompyuta.

Kuchoma GB 25 kwa kasi ya 4x huchukua kama dakika 25, na kuhakiki ni muda mwingine, usiruke kuhakiki. Wateja wangu wengi hawana deki ya Blu-ray, hivyo wao nawapa flashi, diski ni ya hifadhi tu. Kinachonipa wasiwasi ni upatikanaji: Sony iliacha kutengeneza diski za kuchoma Februari 2025, na mimi nimeshaweka akiba ya maboksi manne.

Kila harusi sasa ina diski mbili. Moja iko kabatini kwangu, ya pili kwa dada yangu Muheza.